Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Maabara: Slaidi Haijaisha Kimelea cha Kwanza Kinapoonekana

Kwa:
Mganga Mkuu wa Wilaya,
Mratibu wa Huduma za Maabara wa Wilaya,
Mganga Mfawidhi wa Hospitali,
Wajumbe wa Timu ya Uendeshaji wa Huduma za Afya.

YAH: KUKOSWA KWA KIMELEA CHA PILI KATIKA USOMAJI WA SLAIDI ZA DAMU NA CHOO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wataalamu wa maabara, wasoma hadubini. Hoja hii tumeileta kwenu kwa njia za ndani: kwa maandishi, kwenye vikao vya idara, na kwenye ripoti za robo mwaka. Barua ilipokelewa na kugongwa muhuri, jibu halikuja. Sasa tunaiweka hadharani, kwa heshima na bila kutaja hospitali wala mtu, kwa sababu anayeumia ni mgonjwa ambaye hana namna ya kujua kwamba majibu aliyokabidhiwa ni nusu.

Tatizo lenyewe ni hili. Kimelea cha pili hukosekana zaidi kwenye slaidi ambayo kimelea cha kwanza kimeonekana upesi. Mgonjwa mwenye vimelea vya malaria vya Plasmodium falciparum tele anaweza kuwa na aina nyingine ya malaria, Plasmodium ovale, chache katika tone lilelile, au bakteria wa homa ya papasi, au vimelea vya malale. Msomaji anaziona pete za falciparum katika duara la kwanza la hadubini, yaani eneo linaloonekana kwa mara moja kupitia lenzi, anahesabu, anaandika, anachukua slaidi inayofuata. Utaratibu mliotuwekea unamruhusu kufanya hivyo. Tunasema zaidi: unamsukuma afanye hivyo.

Jambo hili linajulikana tangu zamani. Mwaka 1962 mtaalamu wa eksirei wa Marekani, William Tuddenham, alieleza kwamba msomaji wa picha akishapata kitu kimoja chenye maana huridhika, na utafutaji wake unalegea. Mwaka 1990 Kevin Berbaum na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa walilipima jambo hilo. Walichukua picha za kifua zilizokuwa tayari na ugonjwa fulani, wakaongeza humo vivimbe vya kutengeneza, na wasomaji walewale wakauona ugonjwa wa awali kwa uhaba zaidi kivimbe kilipokuwapo. Picha ni ileile, ugonjwa ni uleule; kilichobadilika ni kuwapo kwa kitu kingine cha kuvutia jicho.

Mwaka 2010 Mathias Fleck, Ehsan Samei na Stephen Mitroff walilionyesha hata kwa watu wasio madaktari, waliokuwa wakitafuta herufi tu kwenye kompyuta. Herufi hafifu ilikoswa zaidi ilipoambatana na herufi iliyokolea. Ukubwa wa kosa ulitegemea mambo matatu yaliyo katika uwezo wa kila mkuu wa maabara: aina gani za vitu huonekana mara nyingi na zipi kwa nadra, shinikizo la muda na malipo, na matarajio ya msomaji kuhusu idadi ya vitu vilivyomo. Tunaomba mambo hayo matatu yakumbukwe, maana hoja zetu karibu zote zinarudi hapo.

Tena si kweli kwamba msomaji huacha kutazama. Uchunguzi wa mwendo wa macho umeonyesha kwamba mara nyingi anaendelea, jicho linapita juu ya kitu cha pili na akili haikitambui. Mwaka 2013 Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe waliweka picha ya sokwe ndani ya picha za mapafu, kubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida, wakawapa wataalamu 24 wa eksirei watafute vinundu. Wataalamu 20 hawakumwona sokwe, na wengi wao macho yalikuwa yametua palepale alipo. Kwa hiyo onyo linalotolewa kila kikao, kwamba wasomaji "wawe makini", haliligusi kosa hili. Tunachohitaji ni kubadilishwa kwa utaratibu wa kazi.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kanuni ya maduara 100 inatumika kwa slaidi hasi peke yake.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka yasomwe angalau maduara 100 ya tone nene kwa lenzi ya 100 yenye mafuta kabla ya kuandika kwamba vimelea havikuonekana. Kanuni hiyo ni nzuri na tunaifuata. Lakini katika maabara zetu imegeuka kuwa kanuni ya kutoa jibu hasi tu. Falciparum ikionekana katika duara la tatu, hakuna anayeulizwa maduara 97 yaliyobaki yalikuwa na nini.

Tazameni kinachopotea hapo. P. ovale na P. malariae kwa kawaida huwa chache kuliko falciparum katika maambukizi ya pamoja. Huenda duara moja kati ya makumi ndilo lina kimelea kimoja. Bakteria wa homa ya papasi ni uzi mwembamba wa rangi ya zambarau, wenye mawimbi, uliolala katikati ya mabaki ya seli. Jicho lililokwisha kushika umbo la pete ya buluu yenye kitone chekundu linaupita uzi huo kama uchafu wa rangi. Nao uzi haupo siku zote: huonekana wakati homa imepanda na hupungua sana inaposhuka, kwa hiyo nafasi ya kuukamata ni slaidi iliyo mezani siku hiyo. Kwa maeneo kama Dodoma, ambako papasi huishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hili si jambo la vitabuni. Kwa Kigoma, Tabora na maeneo ya Serengeti liko vilevile suala la malale, ambayo isipotibiwa huua, na aina yake ya mashariki mwa Afrika huua ndani ya miezi.

Kuna pia minyoo ya matende. Mtoto wa mnyoo huyo ana urefu wa karibu robo milimita, mrefu kuliko upana wa duara la lenzi ya mafuta. Ukianza moja kwa moja na lenzi ya 100 utaona kipande chake tu, au hutaona kitu. Lenzi ya 10 ikipitishwa kwenye tone zima, kingo zikiwemo, inamwonyesha akiwa mzima kwa dakika moja au mbili. Hatua hiyo imefutwa ili kuokoa muda. (Tunajua kwamba kwa matende ya kwetu damu sahihi ni ya kati ya saa 4 na saa 8 usiku, na kwamba ya mchana mara nyingi haina kitu. Lakini wagonjwa wa homa hutolewa damu usiku pia, na slaidi hizo nazo hazipitiwi na lenzi ya 10.)

2. Kuhesabu kumechanganywa na kutafuta.

Vimelea vikionekana, msomaji anatakiwa kushika vihesabio viwili: kimoja cha vimelea, kingine cha seli nyeupe. Akifika seli nyeupe 200 akiwa na vimelea 100 au zaidi, anasimama. Vikiwa 99 au pungufu, anaendelea hadi seli 500. Kisha anazidisha vimelea kwa 8,000 na kugawanya kwa seli nyeupe alizohesabu, anapata idadi kwa kila maikrolita ya damu. Hesabu hii ni muhimu na hatuipingi.

Tunachopinga ni kuifanya iwe ndiyo usomaji wa slaidi. Mwenye falciparum nyingi anaweza kufikia seli nyeupe 200 ndani ya maduara machache tu, kwa kuwa kila duara la tone nene zuri lina seli nyeupe 10 hadi 20. Maduara 10 au 20, kazi imekwisha kwa mujibu wa fomu. Na muda wote huo akili na vidole vilikuwa kwenye hesabu. Watafiti wa jambo hili wanaeleza kwamba kitu cha kwanza kikishapatikana huendelea kukalia nafasi ya kumbukumbu, ikabaki nafasi ndogo ya kutambua cha pili. Matthew Cain na Mitroff walipokiondoa machoni kitu kilichokwisha kupatikana, makosa yalipungua. Kwenye slaidi hatuwezi kuondoa vimelea, ila tunaweza kumwondolea msomaji kihesabio mkononi anapotafuta, na kumrudishia baadaye.

3. Fomu ya majibu ina nafasi ya jibu moja.

Hili ndilo linalotuumiza zaidi, kwa sababu gharama ya kulirekebisha ni karatasi tu. Fomu iliyopo ina mstari mmoja: "Vimelea vya malaria: vimeonekana / havikuonekana", na kisanduku cha alama za kujumlisha. Msomaji akishatia alama kwenye "vimeonekana", hakuna mahali pa kuandika kitu cha pili isipokuwa pembeni, na kilichoandikwa pembeni hakiingizwi kwenye kompyuta ya takwimu. Fomu yenyewe inamfundisha kwamba kinatafutwa kitu kimoja. Matarajio ya idadi, ambayo Fleck na wenzake waliyaonyesha kuwa yanabadilisha kosa, yamepigwa chapa kwenye karatasi.

Alama za kujumlisha nazo zina kasoro yake. Alama moja ni vimelea 1 hadi 10 katika maduara 100. Mbili ni 11 hadi 100 katika maduara 100. Tatu ni 1 hadi 10 katika kila duara. Nne ni zaidi ya 10 kwa duara. Maana yake slaidi ya alama nne huandikwa baada ya kutazama maduara machache mno. Mgonjwa mwenye maambukizi mazito ndiye anayesomewa slaidi kidogo kuliko wote.

4. Muda.

Hesabu ni nyepesi. Duara moja likipewa sekunde 4, maduara 100 ni sekunde 400, karibu dakika 7. Ongeza dakika 2 za lenzi ya 10, dakika 3 hadi 5 za kuhesabu, na dakika 7 nyingine za utando mwembamba ambako aina ya kimelea hutambuliwa. Slaidi chanya iliyosomwa kikamilifu inahitaji dakika 20. Lengo lililobandikwa ukutani linataka majibu yote yatoke kwa kasi moja, chanya kwa hasi, na msimamizi wa zamu hupimwa kwa idadi ya slaidi zilizotoka. Matokeo yake ni kwamba slaidi chanya, ambayo ingehitaji muda mrefu zaidi, ndiyo inayookoa muda wa foleni.

5. Ukaguzi wa ubora haupimi kosa hili hata kidogo.

Slaidi zinazosomwa upya kila mwezi hulinganishwa kwa swali moja: chanya au hasi. Msomaji aliyeandika falciparum na kuikosa ovale anapata alama kamili. Kisha ripoti inasema usahihi wetu ni wa juu, na ripoti hiyo ndiyo inayotumika kutujibu kwamba hakuna tatizo.

Kulipima kosa hili kunahitaji mpango maalumu, nasi tunaueleza hapa ili pasiwe na kisingizio cha kutojua. Ziandaliwe slaidi za aina tatu: za kwanza zina kimelea adimu peke yake, tuseme ovale ya kiwango kidogo, za pili zina ovale ya kiwango hichohicho pamoja na falciparum nyingi, za tatu zina falciparum peke yake. Zichanganywe na slaidi hasi, zipewe namba zisizofumbua siri, zisomwe katika kazi ya kawaida. Kiwango cha kuiona ovale ilipokuwa peke yake kilinganishwe na kiwango cha kuiona ilipokuwa na mwenzake, na katika kundi la pili zihesabiwe tu zile slaidi ambazo falciparum ilionekana. Bila ulinganisho huo huwezi kujua kama ovale ilikoswa kwa kuwa ni ngumu kuitambua au kwa kuwa ilikuwa na mwenzake. Slaidi za kundi la tatu ni za kukamata kosa la upande wa pili, yaani msomaji anayeanza kuona ovale mahali isipokuwapo.

Uhaba wa kimelea nao una madhara yake. Mwaka 2005 Wolfe na wenzake waliwapa watu picha zilizoigiza ukaguzi wa mizigo watafute vifaa fulani. Kifaa kilipokuwapo katika nusu ya picha, walikikosa mara 7 katika 100. Kilipokuwapo katika picha 1 kati ya 100, walikikosa mara 30 katika 100. Msomaji ambaye mwaka mzima hajawekewa ovale hata moja machoni hawezi kulaumiwa peke yake siku anapoipita. Slaidi za mafunzo zenye vimelea viwili ziingizwe mara kwa mara, siyo siku ya semina tu.

6. Slaidi za choo.

Hapa kosa lina sura mbili. Ya kwanza ni ileile: mayai ya mchango yanameza macho. Mchango jike mmoja hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Jike la kichocho cha tumbo hutaga kama 300, na mengi yao hunasa kwenye ukuta wa utumbo na ini yasitoke kabisa. Kwa hiyo katika choo cha mtu mwenye vyote viwili, yai la kichocho lenye mwiba wake wa pembeni huwa moja kati ya mamia ya mayai ya kahawia. Majibu yanaandikwa "minyoo imeonekana", mgonjwa anapewa albendazole miligramu 400, na kichocho, ambacho kinataka praziquantel miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kinabaki mwilini. Kwa mvuvi wa Ziwa Victoria hiyo ni njia ya kuelekea kuharibika kwa ini.

Sura ya pili ni ya saa. Katika njia ya Kato-Katz ya kuhesabu mayai ya minyoo, ambayo kiolezo chake hubeba miligramu 41.7 za choo na hesabu ya mayai huzidishwa kwa 24 kupata idadi kwa gramu, gliserini hufanya choo kilicho kwenye slaidi kiwe angavu. Mayai ya safura yana ganda laini na hufifia hadi kutoonekana. Lazima yasomwe ndani ya dakika 30 hadi 60. Slaidi zinazotengenezwa asubuhi na kusomwa mchana zina mayai ya mchango na ya mnyoo mjeledi, ya safura yameshatoweka. Hata msomaji bora hawezi kuyaona. Utaratibu wa kukusanya slaidi zote kwanza ndipo zisomwe kwa pamoja ufutwe leo.

7. Fomu za daktari na rangi.

Fomu za vipimo zinatufikia zimeandikwa kipimo tu. Mgonjwa anatoka wapi, homa ina siku ngapi, imekuja ikakatika ikarudi? Hatuambiwi. Aidha maji ya kuchanganyia rangi ya Giemsa yanatakiwa yawe na pH 7.2; yakiwa na asidi zaidi, vidoa vya seli iliyoshikwa na ovale havijitokezi, na ovale inafanana na kitu kingine. Vidonge vya bafa, vya kuweka pH hiyo sawa, huisha na hatuletewi kwa wakati.

Majibu tunayotarajia kusikia

Tutaambiwa: tiba ni ileile, dawa mseto inaua vimelea vyote vya malaria. Ni kweli kwa vimelea vilivyo kwenye damu. Ovale ina vimelea vinavyolala kwenye ini, na dawa mseto haivifikii. Mgonjwa anarudi na homa baada ya wiki au miezi, anaandikiwa "maambukizi mapya". Kuvitoa kunahitaji primaquine, baada ya kupima upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu. Homa ya papasi haiguswi kabisa na dawa ya malaria. Inataka antibayotiki, na kwa mjamzito kuchelewa kunaweza kugharimu mimba. Malale na kichocho tumeshavitaja.

Tutaambiwa: tuna kipimo cha haraka. Kipimo kinachotafuta protini ya HRP2 kinaona falciparum tu. Chenye mstari wa pili wa aina zote za malaria, falciparum peke yake inaweza kuwasha mistari yote miwili, kwa hiyo mchanganyiko hautofautishwi. Na HRP2 hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo mgonjwa anaweza kuwa chanya kwa malaria iliyokwisha huku homa ya leo ikitokana na kitu kingine kabisa. Jibu chanya la kipimo cha haraka ni kitu cha kwanza kilichopatikana hata kabla slaidi haijawekwa kwenye hadubini, na lina athari ileile kwa msomaji.

Tutaambiwa: tutabandika orodha ya kukagua ukutani. Mwaka 2006 Berbaum na wenzake waliijaribu orodha ya namna hiyo kwa wasomaji wa picha za kifua, na haikuliondoa kosa. Hatushangai. Orodha inayotiwa alama baada ya macho kupita ni kazi nyingine ya kukumbuka. Tunachoomba ni mpangilio wa hatua, ambapo kutafuta kunatangulia na kuhesabu kunafuata.

Tutaambiwa: mashine ya kusoma slaidi inakuja. Ikija, itazungushia alama kila kitu inachoshuku na kuacha vingine, na jicho litakwenda kwenye alama. Kile ambacho mashine haikukitambua kitakuwa katika hatari kubwa zaidi. Utaratibu tunaoudai utahitajika siku hiyo kuliko leo.

Na tutaambiwa hakuna watumishi wa kutosha. Hili ni la kweli na hatulidharau. Ndiyo maana hatuombi kila slaidi ipewe dakika 20.

Tunachoomba

Kwanza, utaratibu wa kusoma damu uandikwe upya kwa hatua nne na usainiwe na Mratibu: lenzi ya 10 kwenye tone zima; kisha lenzi ya mafuta kwa maduara 100 kamili, chanya au hasi, bila kihesabio mkononi, slaidi ikisogezwa mstari kwa mstari kama mtu anayepalilia, na kila aina mpya ikiandikwa kwa penseli mara inapoonekana; kisha kuhesabu; kisha utando mwembamba, sehemu ambayo seli zimelala moja moja bila kupandana, maduara yasiyopungua 100.

Hatua tatu za mwanzo ziwe za lazima kwa slaidi zote. Hatua ya nne ianze kwa makundi manne ya wagonjwa: waliolazwa, wajawazito, waliorudi na homa ndani ya siku 28 baada ya kumaliza dawa, na wale ambao msomaji ameshuku kitu cha pili. Kimelea cha pili kikitajwa, msomaji mwingine athibitishe bila kuonyeshwa jibu la kwanza, kwa sababu nyuzi za faibrini na mikwaruzo ya kioo huigiza bakteria wa papasi, na kutafuta zaidi huleta pia kuona kisichokuwapo.

Pili, fomu ibadilishwe. Iwe na mistari ya falciparum, malariae, ovale, bakteria wa homa ya papasi, vimelea vya malale na watoto wa minyoo, kila mmoja ukiwa na "kimeonekana" na "hakikuonekana", pamoja na idadi ya maduara yaliyosomwa. Alama za kujumlisha ziondolewe, ibaki idadi kwa maikrolita. Fomu ya choo itenganishe mchango, mjeledi, safura na kichocho, na iandike saa slaidi ilipotengenezwa na saa iliposomwa. Fomu ya daktari idai makazi, safari na mwenendo wa homa.

Tatu, lengo la muda wa kutoa majibu litenganishwe: moja kwa slaidi hasi, jingine kwa slaidi chanya. Daktari anayehitaji kuanza tiba ya malaria kali apewe jibu la awali la falciparum papo hapo kwa mdomo au simu, nalo liandikwe wazi kuwa ni la awali, wakati usomaji unaendelea. Kwa njia hiyo mgonjwa mahututi hacheleweshwi.

Nne, slaidi za vimelea viwili ziingie kwenye ukaguzi wa kila robo mwaka kwa mpango tulioueleza katika hoja ya 5, na matokeo ya kila kundi yaripotiwe peke yake. Wasomaji wasiadhibiwe kwa matokeo ya robo ya kwanza, la sivyo wataanza kubahatisha ovale kila mahali.

Tano, vidonge vya bafa na karatasi za kupimia pH viwe kwenye orodha ya vifaa visivyoruhusiwa kuisha, pamoja na Giemsa yenyewe.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30 tangu barua hii itoke, yakisema ni lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani. Rasimu ya fomu mpya na ya utaratibu wa hatua nne tumeshaziandaa na tunaweza kuzileta katika kikao kijacho cha idara mtakachokiitisha. Kuandaa seti ya kwanza ya slaidi za ulinganisho tutakufanya wenyewe, mradi uwepo ushirikiano wa maabara ya mkoa katika kuzithibitisha.

Wenu katika utumishi,

Wataalamu wa Maabara, Wasoma Hadubini

Nakala:
Mganga Mkuu wa Mkoa
Mratibu wa Huduma za Maabara wa Mkoa
Mratibu wa Malaria wa Wilaya
Mratibu wa Magonjwa Yasiyopewa Kipaumbele wa Wilaya